Je, Mashine Hupunguza Kazi?

Mwanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi katika Bukoba au Muleba akiulizwa mashine rahisi ni nini, aghalabu hujibu pasipo kusita: ni chombo kirahisishacho kazi. Kisha huzihesabu: wenzo, roda, mteremko, kabari, parafujo, gurudumu na ekseli. Jibu hilo si la uongo, na mtahini hulipa alama. Lakini sisi twaona lina upungufu, nao wafaa kusemwa wazi.

Neno “kurahisisha” humfanya mtoto adhani kwamba mashine hupunguza kazi yenyewe. Sivyo. Tutwae gunia la kahawa la kilo 60, litakiwalo kupandishwa garini, mita 1 juu ya ardhi. Mwenye kuliinua wima hutumia nguvu ya nyutoni 600 hivi, na kazi aifanyayo ni jouli 600. Akiegemeza ubao wa mita 3 na kuliburura juu yake, nguvu itakiwayo ni nyutoni 200, tusipohesabu msuguano. Lakini mwendo umekuwa mita 3, na 200 mara 3 ni 600 ile ile. Tena msuguano haukosi kudai haki yake, hata kazi huzidi. Alichopata mtu huyu ni nafuu ya nguvu, naye ameilipa kwa mwendo. Ndivyo ilivyo kwa asukumaye baiskeli yenye mikungu ya ndizi kutoka Muhutwe kupanda Kamachumu: njia ya mzunguko ni ndefu, lakini kifua chaiweza.

Sasa twende ziwani. Mvuvi ashikaye ufito wa ndoana ana wenzo wa daraja la tatu. Samaki akiinuliwa, nguvu ya mkono huwa kubwa kuliko uzito wa samaki. Chombo hiki kimepunguza nini? Hakikupunguza nguvu, kimempa mwendo na wepesi, maana mkono ukisogea kidogo, ncha husogea mbali. Hapa mtoto aliyekariri maneno matupu hunyamaza.

Wahenga walisema: rahisi ghali. Jibu jepesi la ubaoni lina gharama yake baadaye. Mtoto huyu kesho atakuwa mkulima au fundi, naye atajiwa na muuzaji asifuye chombo kitoacho kazi pasipo kula nguvu wala mafuta. Asiyejua kwamba kila nafuu ina malipo yake atatoa fedha yake bure.

Basi, walimu wenzetu, tufundishe hivi: mashine hutupa nguvu kwa bei ya mwendo, au mwendo kwa bei ya nguvu, au hugeuza tu upande wa nguvu, kama roda moja iliyofungwa juu ya mlingoti wa bendera. Wala tusingoje maabara. Ubao, kamba, jiwe, na mizani ya kuning'iniza kama ile ipimayo samaki sokoni vyatosha. Mtoto na avute, asome mizani, apime mwendo, apige hesabu mwenyewe. Ndipo amwulize mwalimu.