Hadithi za Kuunga na Mazungumzo ya Piza

Yapo malalamiko yanayotufikia sisi walimu, khasa kutoka kwa wazee, kuwa vijana wa leo hawasomi. Na wakisoma, hawatosheki na alichoandika mwandishi, bali huichukua hadithi yake wakaiendeleza kwa fikra zao wenyewe. Aliyekufa humfufua, asiyeoa humwoza, na aliyekuwa London humsafirisha mpaka Tanga. Tena, husemwa, hata hilo hawalifanyi kwa utulivu. Hukaa kitako kuzungumza hadithi, na kabla ya robo saa mazungumzo yamekwisha kupotea njia, yameingia katika mpira, nauli za mabasi, na siku hizi piza: ipi bora, nene au nyembamba, na ya mji gani. Basi wazee hukata shauri kuwa huo ni upuuzi juu ya upuuzi.

Mimi nasomesha huku Ilemba, katika bonde la Rukwa, chini ya uwanda wa Ufipa, na vijana wa namna hiyo ni jirani zangu. Nimewasikiliza barazani na nimeyasoma madaftari yao. La kulaumu lipo, lakini wazee wamelishika pasipo penyewe.

Tuanze na huko kuendeleza, ambako mimi nakuita kuunga. Ewe msomaji wa pwani, jambo hili si geni nyumbani kwako. Takhmisa ni nini kama si hiyo? Mshairi huchukua shairi la aliyemtangulia, lenye vipande viwili viwili, akatanguliza vipande vitatu vya kwake, ubeti ukawa wa vipande vitano. Takhmisa ya Liyongo inanasibishwa kwa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, yule yule aliyetunga Al-Inkishafi, na hapana aliyepata kumwambia Sayyid kuwa ameingilia shamba la mtu. Kwa nini? Kwa sababu kanuni ya takhmisa ni kali. Maneno ya mwanzo hayaguswi; hukaa mwisho wa ubeti, na yote mapya hayana budi kuyaelekea kwa vina na kwa maana. Mgeni ametangulia mlangoni, lakini mwenye nyumba ndiye mwenye neno la mwisho. Msomaji hashindwi kujua lipi la nani.

Na Wazungu wana yao. Mwaka 1893 Arthur Conan Doyle alimuua mpelelezi wake, Sherlock Holmes, katika hadithi, na wasomaji wakaona kama wamefiwa. Miaka kumi baadaye, 1903, alilazimika kumrudisha hai. Lakini wapenzi wa Holmes hawakumwachia Doyle peke yake kazi ya kumtunza. Wameandika vituko vyake visivyohesabika mpaka leo. Mwaka 1934 baadhi yao waliunda chama huko New York, Baker Street Irregulars, na mkutano wake mkuu wa kila Januari ni karamu. Angalia, karamu! Watu wazima, wengine wasomi wakubwa, wakakaa mezani wakachanganya sahani na hadithi, wala hawakuona kuwa kimoja kinakiharibu kingine.

Ama kuhusu kutoka nje ya mada, Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 wa Hijria, alikuwa bingwa wa mchezo huo. Katika kitabu chake cha wanyama huacha mnyama katikati akaingia katika kisa kingine, kisha akarudi, na alieleza wazi kuwa anafanya hivyo ili msomaji asichoke. Huyo huyo aliandika kitabu kizima juu ya mabakhili, kimejaa khabari za vyakula na adabu za mezani. Basi tusiwaonee vijana wa Ilemba kwa piza yao.

Maana hiyo piza imenifunza kitu. Jioni moja walishindana juu ya ile piza ya Forodhani, Unguja. Kijana mmoja aliyepata kufanya kazi huko aliisifu; mwenzake akamkatalia, akasema si piza hata kidogo. Na kwa upande mmoja ana haki. Piza ya Naples, ambayo ufundi wa wapishi wake UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2017, ni mkate ulio wazi, uliookwa katika tanuri la kuni kwa muda mfupi mno. Ya Chicago, iliyoanza 1943, huokwa katika chombo chenye kina ikawa nene kama keki. Ya Forodhani haioni tanuri. Unga hutandazwa ukawa kama shashi, ukatiwa nyama ya kusaga, vitunguu na yai, ukakunjwa pande nne, ukakaangwa juu ya bamba la chuma. Mtu wa Mombasa akiiona atasema huu ni mkate wa mayai, umevaa kanzu ya kuazima. Lakini anayeiuza hamdanganyi mtu. Ameazima jina la piza, na papo hapo ametaja mji wake: piza ya Zanzibar. Jina la mwenziwe lipo, na la kwake lipo, na cha ndani ni chake.

Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alifanya vivyo hivyo. Kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda katika mashindano ya uandishi, kikachapishwa 1960, na baada yake vikafuata Kisima cha Giningi, 1968, Duniani Kuna Watu, 1973, na vinginevyo. Kila aliyesoma Holmes hutambua mara moja Bwana Msa katoka wapi: kiko mdomoni, na Najum pembeni kama yule daktari Watson. Lakini maneno ni ya Unguja, fitina ni za Unguja, na urithi unaogombewa ni wa mashamba na nyumba tunazozijua. Najum na Bwana Msa hutaniana mpaka msomaji asahau kuna maiti. Hayo matani yamewaudhi wahakiki wengine. Mimi nayaona ndiyo nyama ya kusaga yenyewe.

Sasa madaftari ya vijana wetu. Katika moja, Sherlock Holmes yuko London, anaingia mkahawani, anakula piza "tamu sana", kisha anamkamata mwizi. Basi. Haina moto, haina harufu, haina hata kipande kilichomwunguza ulimi. Mwandishi hajapata kukaa mbele ya kitu hicho, na kila mstari unamshitaki. Katika daftari la pili, Bwana Msa na Najum wanatoka Sumbawanga, wanateremka mlima kuja Ilemba, Najum akilalamika kwa kila kona ya njia. Wanaandaliwa ugali wa ulezi na samaki wa Ziwa Rukwa. Mwenyeji adai kuwa alikuwa ziwani asubuhi ile na samaki ni wabichi. Bwana Msa anatafuna, ananyamaza, na msomaji yeyote wa bondeni ameshajua: samaki wale walikaushwa kwa moshi kabla ya kuungwa, na mwenyeji hakuwa ziwani. Chakula kimekuwa shahidi. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu.

Pana dosari, na nilimwambia. Kufika ukurasa wa kumi Najum anazungumza kama utingo wa basi, naye Bwana Msa anakimbizana na watu kwa bastola. Bwana Msa si mtu wa bastola. Silaha yake ni kukaa na kufikiri. Ukimwazima mtu, mrudishe na viungo vyake. Hapo ndipo kanuni ya takhmisa ilipovunjwa, wala si pale kwenye samaki.

Kosa lililo baya zaidi, hata hivyo, ni la kula chakula ukaficha mpishi. Mfaransa Antoine Galland alipotoa Alfu Lela Ulela kwa Kifaransa, kuanzia 1704, hadithi alizokuwa nazo zilimwishia. Mwaka 1709 akakutana huko Paris na Hanna Diyab, kijana wa Halab, akamsimulia Aladdin na Ali Baba na nyinginezo. Galland alimtaja katika shajara yake ya siri. Katika vitabu alivyochapisha hakumtaja. Dunia nzima ikamjua Aladdin, na Diyab akabaki bila jina kwa muda wa karne mbili. Vijana wetu wanaoichukua hadithi ya mtu, wakabadilisha majina mawili matatu na kuiuza kuwa yao, wanafuata nyayo hizo, na hilo ndilo ningependa wazee walikemee kwa sauti ile ile wanayoikemea piza.

Yule mwenye daftari la pili alitaka kujua kama aweza kuchapisha. Kwa Holmes njia ni nyeupe: Doyle alifariki 1930, na hadithi zake za mwisho zilitoka katika hifadhi ya hakimiliki huko Marekani tarehe 1 Januari 2023. Bwana Msa ni jambo jingine. Abdulla alifariki 1991, na Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo barazani asome atakavyo. Akitaka kuuza, awatafute kwanza warithi, au abadilishe mpelelezi awe mtu wake mwenyewe, Mfipa wa Ilemba, na samaki wabaki pale pale walipo.