Sifa za Mhudumu wa Gesti

Hoteli humpokea mtu. Gesti ya barabarani huwapokea wawili, mtu na pikipiki yake, na ufundi wa mhudumu umo katika kumtunza huyo wa pili. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni kilomita zaidi ya 800. Anayefika Iringa jioni kwa magurudumu mawili, masikio bado yanavuma upepo, haulizi televisheni wala intaneti. Anauliza, "Dada, pikipiki italala wapi?"

Mhudumu hodari hasemi kwamba mlinzi yupo nje. Anahamisha beseni, anaegesha ubao kwenye ngazi, na pikipiki inasukumwa koridoni mpaka uani, chini ya kamba za mashuka. Kipande cha boksi kimeshatandikwa hapo, oili isije ikadondokea sakafu aliyoipiga deki mchana. Kisha analeta tambara kuukuu, kwa kuwa anajua asipolileta, taulo lake ndilo litakalofutia cheni. Na cheni haingoji asubuhi: hupakwa oili ingali na moto wa safari, ipenye na kutulia usiku kucha. Upepo wa tairi ndio hupimwa alfajiri, tairi likiwa limepoa. Kwa hiyo usiku wa gesti una kazi zake hata mwenye pikipiki akikoroma.

Barabara yenyewe ndiyo inayoamua mtu alale wapi. Baada ya Morogoro inakata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, na giza likiingia tembo na nyati huvuka bila kujali taa ya mtu. Aliyechelewa Morogoro na alale Morogoro. Mbele kuna joto la Ruaha Mbuyuni, halafu mlima Kitonga nyuma ya malori yanayojikokota, halafu ghafla baridi ya Iringa, na jasho la bondeni halijakauka mgongoni. Mhudumu wa Iringa hamuulizi mgeni kama anataka maji ya moto. Anamuuliza aoge sasa au akishakula.

Wapo wanaosifu hema, eti ndiyo safari halisi. Sibishani nao, ila sijaona hema linalokausha glovu. Na gesti iliyopakana na baa siisifu hata ikiwa bure. Bei ya chini ina heshima pale tu msafiri anapopewa alichokifuata: shuka safi, chandarua kisicho na matundu, mlango unaofungika, na ukimya.

Kinachonishangaza zaidi ni kitabu cha wageni. Tunakijaza kwa uvivu, jina, utokako, uendako, tukidhani ni cha serikali tu. Mhudumu anakisoma. Pale Makambako, barabara inapogawanyika, moja kwenda Mbeya na nyingine Njombe hadi Songea, amepokea wageni wa pande zote na kuwauliza habari za njia. Aliyeandika Mbeya anagongewa mlango saa kumi na mbili. Aliyeandika Njombe anaachwa alale, na akitoka na kofia mkononi anaambiwa, "Kaka, huko juu ukungu bado haujainuka. Kaa unywe chai kwanza." Chai hiyo, bila shaka, ni ya kulipia.