Waliogonga Jiwe kwa Jiwe

Mchonga mbao patasi ikimteleza hupunguza kidogo huku na kule, kosa likafichika. Mfinyanzi akiona chungu kimepinda hukifinyanga upya kabla hakijaonja moto. Fundi aliyechora mwambani kwa kugonga jiwe kwa jiwe hakuwa na nafasi hiyo. Pigo likishatua, limetua. Basi kila nikitazama michoro ya Wahohokam, wenyeji wa kale wa jangwa la huko, katika Milima ya Superstition, mashariki ya Phoenix, Arizona, jambo la kwanza ninaloliona ni utulivu wa mkono.

Huko niliingia peke yangu, majira ya baridi, wakati jangwa lile linapomruhusu mtu kutembea mchana bila kuhatarisha roho yake. Kiangazi joto hupita nyuzi 40. Njia ya kwenda korongo la Hieroglyphic haifiki kilomita 3, nayo hupanda taratibu kati ya saguaro, madungusi marefu kuliko nyumba, ambayo huishi miongo mingi kabla ya kutoa tawi la kwanza. Upepo ulikuwa mkavu na wa baridi. Mvua za majira hayo zilikuwa zimeijaza chemchemi, maji yakishuka kutoka dimbwi moja la mwamba hadi jingine. Miezi ya ukame hapo husalia mawe tu.

Michoro imejipanga kwenye kuta zilizo juu ya maji. Mwamba wa jangwani huota ngozi nyeusi: udongo laini, chuma na manganizi vinavyoshikamana kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka. Fundi alichagua jiwe gumu linaloenea kiganjani, akaipasua ngozi hiyo hadi rangi hafifu ya ndani ikajitokeza. Hakupaka chochote. Picha yote ni kile alichokiondoa.

Nilikaa sana mbele ya kondoo mmoja wa mwitu. Kwa mbali ni umbo jepesi ambalo mtoto angelichora: kiwiliwili, miguu minne, pembe zilizopinda kuelekea mgongoni. Nilipoinama karibu, kondoo alivunjika vunjika, akawa vitone. Tumboni vitone ni vipana, vimegongwa kwa nguvu, vingine vimepandana. Kwenye pembe vinapungua na kusogeleana, na nchani, pale ambapo pigo moja zito lingemega kipande cha mwamba na kuharibu kazi nzima, ni vidogo kuliko punje ya mtama. Fundi yule alipunguza nguvu alipokaribia mwisho. Alijua jiwe lake linavumilia nini. Sikuona mahali alipohangaika.

Chini kidogo, kando ya dimbwi, mwamba una mashimo laini yaliyolika kwa kusagia nafaka na maganda ya mimea, yameng'aa ndani kama kinu kilichotwangiwa na vizazi. Kwa hiyo huenda mchoraji hakuwa mtu wa kujitenga. Labda aligonga huku wengine wakisaga, watoto wakichezea maji, na mlio wa jiwe lake ukichanganyika na mlio wa mawe yao. Napenda kuamini kwamba walimsikia kila siku, kisha wakazoea.

Wahohokam ndio waliochimba mifereji katika mabonde ya mito Salt na Gila, mamia ya kilomita kwa jumla, kwa vijiti vya kuchimbia na vikapu, bila chuma wala ng'ombe wa kuvuta. Waliyapa maji mteremko mdogo mno, yasikimbie yakala kingo, yasilale yakaacha tope. Kufikia karibu mwaka 1450 miji yao mikubwa ilikuwa imeachwa. Mwaka 1867 Jack Swilling alipotaka kulima bonde la Salt, alifuata mifereji hiyo hiyo ya kale, na Phoenix ikazaliwa humo. Wajukuu wa Wahohokam, Waakimel O'odham, bado wapo. Mwishoni mwa karne hiyo walowezi wa juu ya mto waliyageuza maji ya Gila, na wakulima waliorithi ustadi huo wakafa njaa kandokando ya mto mkavu. Sheria ya kuwarejeshea haki ya sehemu ya maji ilipitishwa mwaka 2004.

Siku ile baba mmoja alimpandisha mwanawe juu ya jiwe lenye michoro ili ampige picha. Viatu vya mtoto vilikanyaga mzingo uliogongwa kwa uangalifu mkubwa, nao wakaondoka wakicheka. Mita chache kutoka kwa kondoo wangu, mtu amekwaruza jina lake kwa kitu chenye ncha. Herufi zimepinda na mistari imepita kiasi. Labda ilimchukua dakika moja.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1979 inawatishia faini na kifungo wanaoharibu mabaki ya kale katika ardhi ya umma, lakini sheria haioteshi ngozi ya mwamba. Mafundi wa leo wanaweza kuufifisha mkwaruzo kwa rangi, kuuondoa hawawezi. Watakaofika huko miaka mia mbili baada yetu watamkuta kondoo na jina lile ubavu kwa ubavu.