Jua la Kiganjani Limeingia Lugulu

Jamani, nimeishika! Tangu jana jioni siachani nayo. Little Sun, taa ya Olafur Eliasson na mhandisi Frederik Ottesen iliyozinduliwa mwaka 2012, sasa imo sebuleni kwangu hapa Lugulu, na picha zote nilizowahi kuziona hazikunionyesha hata nusu ya uzuri wake.

Eliasson ndiye msanii aliyetundika jua kubwa la taa ndani ya ukumbi wa Tate Modern, London, mwaka 2003, watu wakalala sakafuni kulitazama. Mtu huyo huyo ndiye aliyebuni hiki kidude cha kuenea kiganjani: plastiki ya manjano yenye miale kama petali, umbo linalokumbusha ua la meskel la Ethiopia. Mgongoni kuna paneli ya sola, mbele kuna mwanga. Basi! Hakuna waya wala tokeni za stima.

Nyumba ninayopanga ni kati ya zile za zamani za madirisha ya chuma, kuta tupu zisizo na urembo na sakafu ya simiti nyekundu. Miaka yote nimeimulika kwa taa ya mrija mweupe ya darini, nayo ikawa kama stoo. Jana stima ilipotea saa moja na nusu usiku. Nikaitundika taa kwa kamba yake kwenye komeo la dirisha, nikabonyeza. Loo! Mwanga uliteleza juu ya sakafu iliyosuguliwa kwa nta, ukapanda ukutani, na kivuli cha kiti cha mbao kikasimama kirefu kama mlango. Sikujua naishi katika nyumba nzuri hivi!

Kukhu, nyanya yangu aliyekulia kwenye koroboi, aliisogelea akainusa. "Haina moshi," akasema, akavuta kiti, akaendelea kuchambua maharagwe. Mtoto wa dada yangu akafungua daftari upande wa pili wa meza.

Ninaipenda sana pia taa ya PH 5 ya Poul Henningsen, Mdenmaki aliyeibuni mwaka 1958 kwa vifuniko vya tabaka ili balbu isiumize macho. Lakini ile hutaka stima, na hii imeniwakia gizani.

Haitoshi chumba kizima, ni taa ya meza moja. Kwa meza hiyo moja, sijaona ya kuishinda.

Ukiipata, iweke nje asubuhi na mapema. Inataka saa 5 za jua, na huku kwetu mvua hupenda kuja alasiri.