Jiko la Watu Wanne

Mwishoni mwa mwaka 2023, mvua za vuli zilipozidi kadiri yake kaskazini mwa Kenya, na mto Ewaso Ng'iro, ambao hutoka katika miteremko ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare ukashuka nyikani hata kupotelea katika kinamasi cha Lorian, ulipofurika ukazikata njia, nilikuwa safarini kwenda Merti, na safari yangu ikasimama Gotu. Wasafiri waliozoea njia ile wanaijua Gotu kwa daraja lake. Mimi naijua kwa kochi moja la mbao, lenye mito iliyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, ambalo juu yake nilifundishwa sanaa nisiyoacha kuitafakari tangu siku hizo: sanaa ya watu wanne kucheza pamoja mbele ya runinga moja, mchezo uliotungwa kwa makusudi uwatie wachezaji wake katika ghasia, kisha uwaache wajitoe wenyewe.

Mwenyeji wangu, mzee wa Kiborana ambaye nilimchukulia salamu za nduguye wa Isiolo, alinipokea kama apokewavyo mtu wa nyumbani aliyekawia. Tuliletewa buna, yaani buni zilizokaangwa nzima katika samli, tukazitafuna, maziwa yakafuata, na magharibi ikatukuta tungali tukiulizana habari za malisho na mifugo. Baada ya sala ya isha mwanawe, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa nyumbani kwa likizo, aliomba idhini ya baba yake, akakiondoa kitambaa kilichofunika runinga, akaiunganisha mashine ya PlayStation aliyoinunua mkononi mwa mtu, na akaweka mezani padi mbili, ndivyo vijana waziitavyo zile ala zishikwazo mikononi. Umeme ulitoka katika paneli ya sola iliyo juu ya bati, ukahifadhiwa katika betri iliyokaa nyuma ya mlango. Na kwa vile mchana kutwa jua lilizibwa na mawingu, betri ile ilitupa saa moja na nusu, wala hakuna aliyenung'unika.

Nilidhani ataweka mpira, kwa kuwa katika vibanda vya michezo vya mijini mpira ndio mfalme: kijana hulipa shilingi zake, huketi ubavuni mwa mwenziwe, na anayefungwa huinuka akampisha mwingine. Siudharau ustadi huo. Nimekulia barazani, nikawaona wazee wa pwani wakichuana bao tangu alasiri hata mwadhini akaita magharibi, na najua ya kuwa mashindano yana heshima yake na elimu yake. Walakini katika bao, na katika mpira ule, maarifa yangu ni hasara yako, na nilijualo zaidi ndilo ninalokuficha. Ilhali katika mchezo aliouweka kijana yule usiku huo, nikufichalo ndilo litakalotuangamiza sote.

Mchezo wenyewe ni Overcooked. Uliundwa na watu wawili, Phil Duncan na Oli De-Vine, huko Cambridge, Uingereza, ukatolewa mwaka 2016, na mwaka uliofuata ukapata tuzo mbili za BAFTA, moja ikiwa ya mchezo bora wa Uingereza na ya pili ya mchezo bora wa kuchezwa na jamaa nyumbani. Kisa chake huanza kwa kushindwa: dubwana lisiloshiba, mwili wake tambi na mabonge ya nyama, limeufikia ufalme wa Mfalme Kitunguu, wapishi wanajaribu kulishibisha, wasiweze, na mfalme anawarudisha nyuma hadi mwaka 1993 wakajifunze kazi yao kabla siku ile haijafika. Kutoka hapo kila hatua ni jiko, na kila jiko lina kazi ambazo mama yeyote angezitambua: kitunguu kitolewe sandukuni, kikatwe ubaoni, vitatu vitiwe katika sufuria moja, supu iive, ipakuliwe, ipelekwe dirishani kwa walaji, na sahani chafu ikirudi ioshwe. Katika hayo hamna lililo gumu, na mtu mmoja akipewa mchana mzima angeyatimiza yote bila ya msaada. Lakini hupewa dakika chache tu, na jiko halitulii: mara sakafu ni barafu na wapishi wanateleza wakitumbukia majini, mara ni malori mawili yaendayo sambamba barabarani, vitunguu viko katika hili na moto uko katika lile, nayo yanasogeleana kisha yanaachana, mara ni merikebu, na mawimbi yanazisukuma meza kutoka ubavu mmoja hata wa pili. Sufuria iliyosahauliwa huwaka, na moto wake hutambaa kutoka meza hata meza mpaka mmoja akumbuke alikokiacha kizima moto.

Hapa nataka kuisifu hekima ya yule aliyezipanga meza, kwa sababu ni rahisi kuipita pasipo kuiona. Amechukua meza moja ndefu akaikatisha katikati ya chumba, hata aliye upande huu akawa na vitunguu asiwe na moto, na aliye upande ule akawa na moto asiwe na vitunguu. Na kwa mstari huo mmoja amewafanya watu wawili wahitajiane, bila ya kuwahubiria neno lolote la ushirika. Wazee wetu wa pwani walikuwa na kikoa, masahibu wakitoa kila mmoja alichonacho, huyu mchele, yule samaki, yule kuni, wakapika na kula pamoja. Na sidhani waundaji wale wa Cambridge walipata kulisikia neno hilo, lakini walichokijenga ni kikoa kitupu, tena kikoa kilichofungiwa milango yote ya ubinafsi.

Tulikuwa wanne, na padi zilikuwa mbili. Mchezo huu huruhusu padi moja igawanywe, mmoja akishika ubavu wa kushoto na mwingine wa kulia, kila mtu akimwongoza mpishi wake kwa kidole gumba kimoja. Kijana na mdogo wake wakashika moja. Mimi nikapewa nusu ya kulia ya ile ya pili, na nusu ya kushoto ikashikwa na binti mdogo wa nyumba, wa miaka tisa, aliyekuja akasimama mbele ya kochi ili mkono wake ufike. Mtu ajaribu jambo hilo ndipo atakapojua lilivyo: ukiivuta padi kwako kwa hamaki, umempokonya mwenzio, ukiiachilia kwa uvivu, umemtwisha uzito wako, basi kabla hujakata kitunguu cha kwanza umekwisha kufundishwa kuinua sinia moja kwa mikono miwili isiyo ya mtu mmoja.

Usiku wa kwanza tulishindwa, tukarudia, tukashindwa tena. Kila mmoja wetu alikuwa na bidii, na kila mmoja alikuwa akiamrisha. "Leta sahani!" "Nani ana kitunguu?" "Supu inaungua, nyinyi!" Sauti zilikijaza chumba, na katika sauti zote hizo hamkuwamo habari hata moja; zilikuwa ni lawama zilizovikwa nguo za amri, na aliyeamrishwa, kwa kuwa tayari alikuwa na kazi mkononi, ama aliiacha nusu akakimbilia nyingine, ama alinyamaza kwa kuudhika. Wapishi wawili walikutana katika ujia mwembamba wakasukumana, hakuna aliyerudi nyuma, na muda ukaisha wakiwa wamesimama kifua kwa kifua. Betri ilipozima tulikuwa tukicheka, lakini nililala nikilifikiri jambo hilo kama mtu aliyeona nyumba yake mwenyewe kwa dirisha la nje.

Usiku wa pili alitutoa yule binti. Sijui kama alifundishwa na mtu au ilimjia tu. Alianza kuutaja mkono wake mwenyewe. "Nina sahani mbili," alisema. "Naosha ya tatu. Babu, kitunguu chako kiko mezani, kimekatwa." Hakumwambia mtu afanye nini. Alisema alichonacho na kilipo, basi; na kaka yake mkubwa, ambaye dakika moja nyuma alikuwa akipiga makelele, akajibu bila ya kujua kwamba amebadilisha lugha, "Sufuria ya kushoto imeiva," na mimi nikajiona natamka, "Nakwenda dirishani, napita nyuma yako." Tofauti baina ya "leta" na "ninacho" ni ndogo masikioni, lakini ndiyo ufundi wote. Asemaye "leta" huutazama upungufu wa mwenziwe, na humpa wasiwasi. Asemaye "ninacho" huweka kitu katikati ya baraza, akamwachia kila mtu akili yake ya kuamua. Nimekaa katika kamati nyingi za watu wazima, za arusi na za misikiti, nimeona shughuli njema zikivunjika kwa kukosa tu watu wa kusema wazi walichonacho, na sikujua kulitaja kosa hilo mpaka mtoto wa Gotu aliponionyesha dawa yake.

Ufundi wa pili tuliupata polepole, na ni mgumu kuliko wa kwanza: kuiacha kazi unayoipenda. Yule ndugu wa kati alikuwa bingwa wa kukata, na kwa ubingwa wake alirundika vitunguu vilivyokatwa mpaka meza zote zikajaa, ilhali sahani zilikuwa zimekwisha na walaji wakingoja. Ustadi uliozidi haja ulikuwa umegeuka kizuizi. Siku alipokitupa kisu katikati ya kitunguu akaenda kuosha vyombo bila ya kuambiwa, tulipata nyota tatu kwa mara ya kwanza, na kaka yake akampiga bega kwa fahari kuliko kama angalifunga bao.

Muda wote huo bibi wa nyumba, ambaye watoto humwita akoo, alikuwa akiketi mkekani na mgongo wake ukutani. Macho yake yalikuwa yamechoka, wala kioo cha runinga hakikumfaa kitu, alikuwa akisikiliza. Usiku wa tatu, tulipokuwa tumefika pale ambapo maneno yamepungua yakabaki yale ya lazima tu, yenye mwendo mmoja, huyu akitamka na yule akipokea, aliinua kichwa akasema, "Sasa mnateka maji."

Kijana alinieleza maana yake. Akoo alizaliwa upande wa Dirre, huko Ethiopia, penye visima virefu vya Waborana viitwavyo tula, ambavyo makundi yake kwa hesabu ya kale ni tisa. Kina cha visima vile hakimruhusu mtu mmoja kuteka. Watu husimama ndani yake kwa ngazi, mmoja juu ya mwenziwe, na okole, yaani ndoo za ngozi, hupanda zimejaa na kushuka tupu, zikirushwa kutoka mkono hata mkono, na wote huimba, kwa kuwa wimbo ndio unaomwambia kila mtu lini mkono wake uwe tayari. Juu, penye mabirika, ng'ombe wanangoja kwa zamu, na zamu hiyo ina msimamizi wake, aba herega, asiyeteka wala asiyeimba, bali huhakikisha kuwa kila kundi linakunywa kwa haki yake. Akoo alisema kwamba aliye chini akirusha kwa nguvu kuliko pumzi ya aliye juu yake, maji humwagika, na ng'ombe hawaulizi nani alikuwa hodari. Kisha akauliza kwetu aba herega ni nani. Tukamtajia mjukuu wake, yule binti, kwa maana ndiye aliyekuwa akizisoma oda zilizopangwa juu ya kioo na kutukumbusha ipi imetangulia.

Ipo michezo mingine ya kabila hili, na baadhi yake imezidi kwa uzuri. It Takes Two, uliotolewa mwaka 2021 na kampuni ya Hazelight ya Uswidi, inayoongozwa na Josef Fares, mzaliwa wa Lebanoni, hauwezi kuchezwa na mtu peke yake kwa hali yoyote. Hata Overcooked wenyewe ulipata wa pili mwaka 2018, ambamo wapishi huweza kurushiana vyakula kama watekaji wa tula, tena huweza kucheza kwa intaneti, kila mtu akiwa kwake. Mimi hupenda ule wa kwanza, usiojua intaneti, ambao ukitaka kuucheza na mwenzio sharti aje aketi hapo. Sauti husafiri kwa waya, lakini pumzi ya mtu aliyeshtuka haisafiri, wala kiwiko kinachokaza kabla ya mdomo kusema. Na nusu ya yale niliyoyajua kuhusu mpishi wa binti yule niliyajua kwa mkono wake uliokuwa padini karibu na wangu.

Usiku wa mwisho mto ulikuwa umepungua, na dereva alikwisha kutuambia kuwa tutavuka alfajiri. Tulikuwa tumeanza jiko tulilolijua vizuri, supu mbili ziko motoni, tuko mbele ya wakati, ndipo binti akaenda mkekani akamshika akoo mkono, akamleta mpaka kwenye kochi, akamweka mahali pake, na kidole gumba cha bibi akakilaza juu ya kijiti cha kushoto. Mpishi wake aliyumba, akagonga ukuta, akazunguka, akagonga tena. "Mbele, akoo," alisema mjukuu kwa upole. "Kitunguu kiko mbele yako." Supu ya kwanza ikaanza kufuka moshi. Hakuna aliyeiendea. Ndugu wawili walikuwa wameiweka padi yao magotini, mimi niliinyanyua nusu yangu kidogo ili mkono wake upate nafasi, na moto uliposhika meza ya kwanza ukaelekea ya pili, sote watano tulikuwa tukimngoja mpishi mmoja, aliyebakiza hatua mbili kulifikia sanduku.