Askari Anayepima

Askari polisi husifiwa kwa bunduki aliyoikamata, jambazi aliyemtia mbaroni na gwaride alilolicheza vizuri. Sifa hizo ni za haki, ila haziigusi kazi yenyewe. Sehemu kubwa ya kazi ya polisi ni uamuzi wa mtu wa cheo cha chini, konstebo au koplo, anayeamua usiku bila mkubwa wa kumuuliza, akiwa na habari nusunusu. Jaji ana majalada, mawakili na miezi kadhaa. Konstebo ana tochi, redio ya upepo na dakika mbili. Kwa hiyo nasema ustadi wa kazi hii uko katika kupima: kujua nguvu kiasi gani inatosha, na kuishia hapo. Ukanda wa dhahabu wa Tanzania, kutoka Buzwagi na Kahama hadi Geita, unalionyesha jambo hili waziwazi.

Mgodi wa Buzwagi, jirani kabisa na mji wa Kahama, ulizalisha dhahabu kuanzia 2009 hadi 2021. Ukanda mzima umejaa ujirani wa namna hiyo: ndani ya uzio kuna mawe yenye mali, nje kuna vijana wenye nyundo na viroba, wengi wakiamini mali hiyo ilikuwa yao kabla kampuni haijafika. Askari wa doria akimulika lundo la magwangala, yale mabaki ya mawe ya mgodi, usiku na kuona watu kumi wameinama, ana maswali ya kujijibu kabla hajapaza sauti. Wameshika nyundo au panga? Wakishtuka watakimbilia kwenye mwanya walioingilia, au watatumbukia shimoni? Je, gari lake ndilo limeziba njia? Asiye na ujuzi huziba njia kwa kuwa amefundishwa kukamata. Watu waliokosa pa kutokea hugeuka, mawe huanza kuruka, na risasi ambayo haikuwa na sababu sasa inapata sababu. Mjuzi huacha mwanya, huwashtua mapema, huwakamata wawili wa nyuma na kuwaacha wanane waende zao. Kesho yake takwimu zake ni duni, lakini hakuna maiti. Mei 2011, katika mgodi wa North Mara wilayani Tarime, mambo yalikwenda vingine: umati uliingia kutafuta mawe, polisi wakasema wameshambuliwa, na watu watano wakauawa kwa risasi. Hata mahakama, ikimtia mtu hatiani kwa kuiba mawe, haina mamlaka ya kumnyonga.

Mtu atasema ni rahisi kuhubiri hivyo ukiwa umekaa mezani. Ni kweli, na hatari yenyewe si hadithi. Oktoba 2012 Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Mwanza, Liberatus Barlow, aliuawa kwa risasi. Septemba 2014 watu wenye silaha walikivamia usiku Kituo cha Polisi Bukombe, pale Ushirombo mkoani Geita. Askari wawili wakauawa, bunduki zikaporwa. Askari anayesimamisha pikipiki ya watu watatu kwenye barabara ya vumbi hajui kama ni wachimbaji wanaotoka kwenye maduara, mashimo yao ya dhahabu, au waporaji wanaomwinda mnunuzi wa dhahabu. Lakini kupima si upole. Anayevamia kituo kwa bunduki hujibiwa kwa bunduki, na hakuna mwenye akili atakayemlaumu askari. Ustadi ni kutomdhania kila apitaye kuwa mvamizi, huku umejiweka mahali ambapo, akiwa ndiye, bado utabaki hai: pembeni mwa mwanga wa taa, mwenzako nyuma yako, macho kwenye mikono ya yule aliyekaa katikati.

Ushahidi mzito zaidi uko katika historia ya Shinyanga, mkoa ilipo Kahama. Mwaka 1976 serikali ilitaka kukomesha mauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, mengi yakiwa ya vikongwe walioitwa wachawi. Watu wengi walikamatwa, na baadhi walikufa kwa mateso mikononi mwa dola. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kubeba dhamana ya kosa ambalo hakulitenda kwa mkono wake. Kisa hiki husimuliwa kama funzo la uwajibikaji wa viongozi. Nakisoma pia kama funzo la ufundi: anayetesa ni mpelelezi aliyeshindwa kazi, na mauaji ya vikongwe hayakukoma. Mpelelezi anayeijua kazi, akikuta bikizee amekatwa mapanga nyumbani kwake, hatafuti wa kumpiga mpaka akiri. Anauliza shamba litarithiwa na nani, nani aliuguliwa na mtoto mwezi uliopita, mganga gani alipiga ramli na kumtaja nani, nani amepata fedha ghafla. Macho mekundu ambayo kijiji kizima kiliyaita ya kichawi, yeye anajua ni kazi ya moshi wa miaka mingi jikoni. Sheria inampa saa nne za msingi za kumhoji mshukiwa, na ni juu ya upande wa mashtaka kuthibitisha kwamba maungamo yalitolewa kwa hiari. Wapo wanaoona masharti hayo yanamfunga polisi mikono. Mimi naona ndiyo yanayomtoa chumbani na kirungu chake, aende kijijini kutafuta ushahidi.

Pingamizi kali zaidi ni la wafugaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa mifugo walipowazidi, Wasukuma na Wanyamwezi wa Kahama na wilaya jirani walianzisha sungusungu: mishale, yowe linalopokewa kijiji hadi kijiji, mwizi hana pa kwenda. Wizi ulipungua pale polisi waliposhindwa, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Ya nini basi kusifu kazi ya polepole? Kwa sababu yowe humlinda anayejulikana, na kwenye maduara ya dhahabu wengi ni wageni wasio na ukoo wa kuwatetea. Pale "wananchi wenye hasira kali", kama magazeti yanavyowaita, wanapomzunguka kijana anayedaiwa kuiba pikipiki, askari wawili hawawezi kuushinda umati kwa nguvu. Mjuzi habishani na mtu kama kijana ni mwizi au siye. Anamfunga pingu mbele ya wote, ili umati uone kwamba sheria imeanza kazi. Anamtaka mwenye pikipiki aje kituoni kuandika maelezo saa hiyohiyo. Anamwomba mzee wa sungusungu apande nao gari. Pingu zilizomnyima kijana uhuru ndizo zilizomwokolea uhai.

Wengine watasema kumsifu polisi ni kufunika uozo: rushwa barabarani, mahabusu waliopigwa, dhamana inayouzwa. Malalamiko hayo si ya vijiweni tu. Tume ya haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilimkabidhi Rais Samia ripoti yake Julai 2023 na kupendekeza mageuzi makubwa katika Jeshi la Polisi. Lakini kuusifu ufundi si kumsifu kila mwenye sare. Anayesema polisi wote ni walewale amemsamehe mla rushwa, maana hakutarajia lolote kwake. Anayeujua ufundi anajua hasa askari huyo ametunyima nini.

Kinachobaki ni kuulipa ufundi huo. Idadi ya waliokamatwa ni rahisi kuhesabu, na kwa hiyo ndiyo inayovutia wakubwa. Lakini mkuu wa kituo akisoma maelezo ya shahidi ataona kama konstebo aliuliza swali la pili. Hakimu anajua kesi za mpelelezi yupi husimama. Mwenyekiti wa kijiji anajua askari yupi, akipigiwa usiku wa manane, hufika kabla umati haujawasha kiberiti. Wakisikilizwa hao wakati wa kupandisha vyeo, vijana wanaotoka Shule ya Polisi Moshi watajua mapema kwamba askari mwenye kipimo hupanda kabla ya mwenye mbwembwe.