"Ndiyo" iko na muziki, "hapana" haina

Katika masomo na parokia zetu mara nyingi mutu mmoja anatunga maneno, mwengine anatafuta sauti, na vijana wanacheza. Hapa tunataka kupima kazi ya watu wawili wa namna ile kutoka Ujerumani: Bertolt Brecht kwa maneno, Kurt Weill kwa muziki. Mchezo wao unagusa jambo ambalo kitabu hiki kinalinda, ni kusema mila.

Wawili hao walijulikana sana tangu 1928 kwa Die Dreigroschenoper, mchezo wa wacheza-kazi kule Berlin. Lakini mwaka wa 1930 walitunga Der Jasager, maana yake "Mwenye kusema ndiyo", kwa ajili ya watoto wa masomo. Wanafunzi wenyewe njo waliimba na kupiga vyombo, na Weill alipima muziki kwa nguvu zao. Hadithi yenyewe ilitoka Japani, katika teatri ya zamani inayoitwa No. Elisabeth Hauptmann aliitafsiri katika Kijerumani kufuata Kiingereza cha Arthur Waley.

Mama fulani ni mgonjwa. Mwalimu anavuka milima pamoja na wanafunzi, na mtoto wa ule mama anaomba kuwafuata kusudi alete dawa. Njiani anashindwa. Kumbe iko desturi ya zamani: anayeshindwa katika safari ile anatupwa bondeni, lakini kwanza anaulizwa kama anakubali. Na desturi ile ile inaamuru ajibu ndiyo. Mtoto anajibu ndiyo, wanamtupa.

Ni ulizo gani lile, jibu lake limekwisha kuwekwa mbele? Njo vile waliuliza wanafunzi wa masomo ya Karl Marx, mtaa wa Neukölln, Berlin, wakati walipoonyeshwa mchezo. Brecht hakukasirika. Alitengeneza maneno upya: sasa ugonjwa umeshika muji wote, na safari ni ya kutafuta dawa ya wote. Tena akaongeza mchezo wa pili, Der Neinsager, ambamo mtoto anakataa. Anadai desturi mpya, ya kufikiri upya kila mara jambo jipya linapotokea. Wenzake wanarudi naye nyumbani, hata kama watachekwa. Brecht alitaka michezo miwili isichezwe mmoja bila mwengine.

Tunamsifu mtunzi aliyesikiliza watoto. Lakini tunaona upungufu mkubwa: Weill hakuandika muziki wa mchezo wa pili. "Ndiyo" iko na kwaya na orkestra. "Hapana" imebaki maneno matupu. Kila mwalimu anajua, hotuba mtoto anaisahau kesho yake, lakini wimbo unabaki mdomoni. Kwaya ya Weill inafungua na kufunga mchezo kwa sifa ya kukubali, na uzuri wake njo hatari yake. Wengine watasema muziki ule wa baridi unaachia mutu nafasi ya kushangaa. Ni kweli kwa mkubwa anayekaa kusikiliza. Kwa mtoto anayesimama kuuimba, hatuna hakika.

Juu ya nini jambo hili lituhangaishe huku Kongo? Sababu sisi pia tuko na mezali: mkataa wengi ni mchawi. Na katika inchi yetu watoto wanafukuzwa nyumbani kweli kweli kwa neno lile "mchawi". Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda. Lakini sheria haiimbwi.

Hatusemi mila itupwe bondeni badala ya mtoto. Wazee waliotulea walikaa barazani, wakasikilizana, wakabadilisha walichoona hakifai tena. Kule kufikiri upya ni mila pia.

Basi shauri letu kwa vikundi vya masomo: chezeni yote miwili kama Brecht alivyotaka, na ule wa pili muutungie nyimbo zenu, kwa ngoma zetu, mmoja akiita na wengine wakiitikia. Mtoto anayesema hapana asisimame peke yake bila kwaya.